Haki Iliyokuwapo Kabla ya Katiba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanika dagaa katika mwalo mmoja wa hapa Mwanza. Mwanangu amenisomea Ibara ya 12 ya Katiba yetu, isemayo kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ikiwa haki tunazaliwa nazo, Katiba inatupa nini tena? Na mbona baba watoto akitaka kuvua samaki wa Mungu anadaiwa leseni? – Msomaji, Kirumba.

JIBU: Mama, neno la kushika hapo ni "huzaliwa". Katiba haisemi kwamba Bunge ndilo lililowafanya watu kuwa huru. Inatamka jambo lililokuwapo kabla yake. Katiba yetu ni ya mwaka 1977, na haki hizo ziliingizwa humo mwaka 1984, lakini hakuna atakayethubutu kusema kwamba mtoto aliyezaliwa Nyegezi mwaka 1980 alikaa miaka minne bila haki ya kuishi. Huo ndio msingi wa nadharia ya haki za asili: sheria huitambua haki na kuilinda, haiizai.

Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689 bila jina lake, alieleza kwamba sisi sote ni kazi ya Muumba mmoja, hivyo hakuna aliyeumbwa ili awe chombo cha mwenzake, na kwamba serikali huundwa kwa ridhaa ya watu ili ilinde maisha, uhuru na mali zao. (Huyo huyo alikuwa na hisa katika kampuni iliyouza watumwa kutoka Afrika, hoja yake ilimzidi mwenyewe.)

Samaki nao amewagusa. Wa baharini ni wa wote, asema, lakini anayemvua humfanya wake kwa jasho lake. Aliweka masharti, hata hivyo: usichukue kitakachokuozea, na wenzako uwaachie cha kutosha na kizuri vilevile. Kwa sharti la kwanza, masika yangewatia hatiani waanikaji wote wa Kirumba! La pili ndilo zito. Locke aliiwazia bahari isiyo na mwisho, ilhali ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu zinalivua, na kokoro, yaani wavu mrefu wa kuvuta, likikokotwa hadi mchangani husomba makinda ya sato pamoja na wazazi wao. Leseni inayozuia hilo haipingani na haki ya asili, ingawa ada inayomfungia maskini ziwa zima ingepingana nayo.

Jeremy Bentham, Mwingereza mwingine, alizidhihaki haki hizi kuwa upuuzi uliopanda mironjo, kwani kwake pasipo sheria hapana haki. Naona ana nguvu tukizungumzia mali, ambayo mipaka yake lazima ichorwe na mtu. Tukifika kwenye mwili wa binadamu, hoja yake inalegea. Afisa akifuata sheria anaweza kumnyima baba watoto leseni, lakini akimkuta ziwani bila leseni hana ruhusa ya kumpiga, hata kama siku hiyo hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kumkataza afisa huyo kupiga.