Shangazi, choo kinaniponyoka na mume wangu hajui

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 41, na huu ni mwaka wa 6 tangu niambiwe nina ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi, yaani MS. Ganzi ya miguu na uchovu nimezoea. Nisichoweza kuzoea ni tumbo. Nakaa siku 4 hata 5 sipati choo, halafu ghafla kinatoka majimaji bila kunipa taarifa. Mwezi uliopita kilinitoka kwenye kikao cha kazi. Nilibaki nimekaa mpaka watu wote wakaondoka. Tangu siku hiyo nameza vidonge vya kuzuia kuharisha kila nikitaka kutoka nyumbani. Nakula mlo mmoja kwa siku, na maji nayaonja tu kwa sababu kibofu nacho kinanisumbua. Mume wangu nimemwambia nina vidonda vya tumbo. Usiku nalala pembeni kabisa ya kitanda, kama mgeni. Daktari sijamwambia. Naanzaje?*

*Anayejificha*

Marahaba, mwanangu.

Unauliza unaanzaje, na wewe umeshaanza. Chukua maneno haya haya, futa "Shangazi", andika "Daktari", umpe karatasi aisome ukiwa umekaa mbele yake. Sikutanii. Mdomo ukigoma, mkono useme. Na usidhani aibu ni yako peke yako: wataalamu wengi watakupima miguu, macho na mikono, watakuuliza habari za uchovu, kisha waruke choo kana kwamba mgonjwa wa MS haendi chooni.

Lakini kilichonishtua si kikao, ni vile vidonge. Soma tena ulichoandika: siku 4 au 5 hakuna kitu, kisha majimaji ghafla. Mara nyingi mambo yakienda hivyo, huko si kuharisha. Ni kufunga choo kulikovaa nguo za kuharisha. Kinyesi kikikaa sana kwenye utumbo mpana, utumbo unaendelea kukifyonza maji mpaka kinakauka na kuziba njia. Kile laini kinachokuja nyuma yake kinatafuta upenyo, kinapita pembeni na kuvuja. Sasa wewe ukimeza dawa ya kuzuia kuharisha, unazidi kuimarisha ule ukuta. Siwezi kukupima kwa barua. Daktari ndiye atakayebonyeza tumbo, pengine aingize kidole chenye glavu, au aagize picha. Ila mpaka akuone, vidonge hivyo viache.

Kwa nini inatokea? MS inaharibu myelini, lile ganda linalofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, na habari kati ya ubongo na utumbo zinapita hapo hapo. Habari zikichelewa au zikipotea njiani, utumbo unasukuma polepole, nawe huhisi kwamba sehemu ya mwisho imejaa. Misuli ya kufungia nayo inachanganyikiwa: unapotaka ilegee inakaza, unapotaka ikaze inalegea. Ndiyo maana mtu huyo huyo anaweza kufunga choo na kuponyokwa nacho wiki moja. Zaidi ya nusu ya watu wenye MS hukutana na matatizo ya choo wakati fulani. Si uchafu, wala si uzembe wako.

Sasa nikugombeze kidogo. Hayo maji unayoyaonja! Unayakwepa kwa ajili ya kibofu, na kibofu ndicho kinachoumia: mkojo mzito unakikera, na utumbo uliojaa kinyesi unakikandamiza. Unakimbia mkojo unakutana nao mbele. Kama daktari hajakuwekea mipaka ya maji kwa sababu ya moyo au figo, lenga lita 1.5 hadi 2 kwa siku, ukinywa kidogo kidogo tangu asubuhi na kupunguza jioni. Mlo mmoja pia uache. Utumbo huamshwa na chakula, ukiunyima, unalala.

Na huko kuamshwa na chakula kuna faida moja unayoweza kuitumia. Baada ya kula, hasa kifungua kinywa, utumbo mpana hupata msukumo wa kujikunja wenyewe. Kwa hiyo kula asubuhi, kunywa kitu cha moto, na baada ya dakika 20 hadi 30 nenda ukakae chooni, uwe umebanwa au hujabanwa. Weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele, viwiko juu ya mapaja. Mkao huo unanyoosha njia. Usijikamue, na usikae zaidi ya dakika 10 au 15. Kisipotoka, nyanyuka, kesho rudi saa ile ile. Utumbo unafundishika, lakini kwa wiki kadhaa, si kwa siku 2.

Watu watakuambia ule nyuzinyuzi kwa wingi. Polepole. Nyuzinyuzi nyingi bila maji, kwenye utumbo mzito kama wako, ni kuongeza mzigo kwenye gari lililokwama. Fungua njia kwanza.

Dawa zako zote za kila siku zitie kwenye mfuko uende nazo. Baadhi ya dawa za kibofu kama oksibutinini, za maumivu kama kodeini na tramadoli, vidonge vya madini ya chuma, amitriptilini, hata baklofeni ya misuli kukaza, zinaweza kufunga choo. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Baklofeni hasa, kuikatisha ghafla ni hatari. Daktari ana mengi ya kukupa: dawa za kulainisha choo, vidonge vya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, mazoezi ya misuli ya nyonga, na kwa wengine, kifaa cha kusafisha utumbo kwa maji unachofundishwa na muuguzi kukitumia mwenyewe.

Usisubiri miadi ukiona damu, au tumbo likivimba na kuuma huku unatapika na hata ushuzi hautoki, au ukipata ganzi ya ghafla sehemu za siri na matakoni. Kila kitu kisisingiziwe MS.

Kazini, beba mfuko wenye nguo ya kubadili, pedi, tishu zenye unyevu na mafuta mazito ya kulinda ngozi. Kaa karibu na mlango. Ukijua mfuko upo, hofu inapungua, na hofu yenyewe ni mchochezi.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa sababu najua ndiye aliyekufanya uandike. Hivyo vidonda vya tumbo ulivyomwambia vina siku vitakuponza: ukianguka akakukimbiza hospitali, hicho ndicho atakachowaambia madaktari. Mwambie, lakini si kitandani wala si siku kimekutoka. Na usilete hotuba. "Ugonjwa wangu umefika kwenye utumbo, wakati mwingine siwezi kuzuia choo, natibiwa." Kisha mpe kazi moja: ukisema "simama hapa" mkiwa njiani, asimamishe gari bila kuuliza. Mtu akipewa kazi hana muda wa kushangaa. Kuhusu ule upande wa kitanda, choo kikishapata saa yake utazijua na saa ambazo mwili wako umetulia. Utasogea.

Kuanzia kesho andika kwa wiki 2: saa uliyokwenda, ulichokula, ulichokunywa, kilichotoka na kilivyokuwa. Kuna chati iliyotengenezwa Bristol, Uingereza, yenye maumbo 7 ya kinyesi, kuanzia vigololi vikavu hadi maji matupu. Andika namba tu, daktari ataelewa. Daftari liache mezani. Mumeo akiuliza unaandika nini, mwambie.

Shangazi