Redio za CB za zamani: kabla hujashika bisibisi, jua kwanza unatengeneza au unairudisha enzi zake

Wadogo zangu mnaoanza, mimi ni dereva wa malori huku Marekani na nikiwa sipo barabarani nipo gereji na redio za CB (Citizens Band), zile za kuongea dereva kwa dereva, ambazo kwetu Tanzania tungeziita tu redio za upepo. Madereva wenzetu wengi wanaoongea Kiswahili wameanza kuzipenda, wanaziokota kwenye magulio au wanapewa na wazee waliostaafu, afu wananitumia picha, kaka nimepata Cobra ya zamani nifanyeje. Na mimi kabla ya kujibu chochote nauliza, ikishapona itakaa wapi? Kwenye lori, kabatini, au inarudi kwa mwenyewe? Jibu la hapo ndo linaamua karibu kila kitu, kwa sababu kutengeneza ni redio iongee, na kuirudisha enzi zake ni iwe kama ilivyotoka kiwandani, na hizo kazi mbili kuna mahali zinagombana kabisa.

Hilo nilijifunza kwa uchungu. Dada mmoja aliniletea redio ya marehemu baba yake, ilikuwa haipokei kitu. Tatizo lenyewe dogo, waya wa maiki ulikuwa umekatikia ndani pale unapoingilia kwenye plagi. Nikaumaliza kwa nusu saa. Sasa mimi kwa nia njema nikaona kava lina mikwaruzo na kutu, nikalipiga msasa nikalipaka rangi nyeusi safi, nikamkabidhi inang'aa. Akaigeuza akaanza kupapasa ubavuni kwa kidole, taratibu, anatafuta kitu. Baba yake alikuwa ameandika pale kwa msumari namba ya leseni yake na jina lake la hewani, maana zamani leseni ilikuwa lazima mpaka mwaka 1983. Nilikuwa nimevifuta vyote kwa mkono wangu. Alinishukuru na akanilipa, ila sura yake sijaisahau. Kwa hiyo siku hizi napiga picha kila upande kabla ya kufungua skrubu hata moja, na namuuliza mwenye redio, kipi hapa nisikiguse?

Tuje kwenye ufundi. Redio ikiletwa imekufa usiamini kuwa imekufa. Anza na antena, kwa sababu nyingi ninazoletewa ni nzima, kibovu ni waya wa antena au antena haijapata ardhi (ground) vizuri kwenye bodi la gari. Funga mita ya SWR, ile inayopima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena, ikisoma chini ya 2 endelea, ikipita 3 usibonyeze maiki tena maana unaipika fainali, ile transista ya mwisho inayosukuma mawimbi. Baada ya hapo angalia maiki. Cobra na Uniden nyingi za plagi ya pini nne hata kupokea kunapitia kwenye swichi ya maiki, ukichomoa maiki redio inanyamaza kimya, na nimeona watu wamebomoa bodi nzima kutafuta ugonjwa uliokuwa kwenye maiki.

Kama inakata fyuzi kila ukiwasha, mara nyingi kuna mtu aligeuza waya wa betri. Ndani pale umeme unapoingia kuna dayodi ya ulinzi, kazi yake ni kupiga shoti ili fyuzi ife badala ya redio, na bei yake ni senti tu. Badilisha, weka fyuzi saizi ileile iliyoandikwa, utakuta redio inaongea. Ila kama jamaa aliona fyuzi inamsumbua akaiviringishia karatasi ya foili, njia za shaba kwenye bodi zitakuwa zimeungua na kunyanyuka, na hapo ndo unaanza kupiga hesabu kama inalipa.

Voliumu inayokwaruza haihitaji kubadilishwa, puliza dawa ya kusafishia kontakti, zungusha mara ishirini, imeisha. Kapasita za elektrolitiki, vile vipipa vidogo, baada ya miaka arobaini nyingi zimekauka, utasikia muungurumo au sauti inadundadunda kama injini ya boti. Wengi wanasema ng'oa zote weka mpya. Mimi nasema kwa anayeanza hapana, badilisha moja, angalia upande wa hasi, washa, sikiliza, ndo uende nyingine. Ukibadilisha ishirini kwa mpigo na moja ukaiweka kinyume, hutajua uanzie wapi.

Kitu cha kukiogopa kweli ni koili. Utaona vichwa vidogo vya rangi vina mfereji katikati kama vinakuita uvizungushe na bisibisi. Usivizungushe! Kile kiini cha ferati ndani kinapasuka kama biskuti, na hata kisipopasuka umeharibu mpangilio ambao bila mita ya masafa, jenereta ya mawimbi na lodi bandia ya omu 50 (inayokaa badala ya antena) huwezi kuurudisha. Redio iliyokufa kwa uzee naipokea kwa furaha, iliyozungushwa koili na mtu asiye na vifaa naikataa mara nyingi.

Sasa kuna hizi za chaneli 23. Ziko nyingi sana kwa sababu baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 madereva walizinunua ili kuambiana dizeli iko wapi na polisi amekaa wapi, haswa spidi iliposhushwa mpaka maili 55 kwa saa mwaka 1974, afu tarehe 1 Januari 1977 chaneli zikaongezwa kuwa 40 na za 23 zikatupwa stoo. Nyingi zinatumia kristali, vile vipande vinavyopanga masafa ya chaneli, sita kwa upande mmoja zinachanganywa na nne za upande mwingine. Kwa hiyo zikifa chaneli nne zinazofuatana, mfano 9 mpaka 12, ujue ni kristali moja ya kundi la sita, na ikiwa ni kila chaneli ya nne basi ni moja ya zile nne. Unaligundua kwa kuzungusha tu kitufe cha chaneli, hujafungua hata kava. Hizi usizing'ang'anie kwa lori wakati redio mpya ya bei ya chini ina chaneli zote 40 na wati 4 zilezile zinazoruhusiwa kwa AM. Ila kama ina kava zima, maiki yake ya asili na taa ya mita bado ya njano, irudishe enzi zake, na tafadhali usiiwekee taa ya bluu.

Za chaneli 40 za zamani zina chipu ya PLL, inayopanga masafa ya chaneli zote badala ya kristali nyingi, mfano PLL02A au MB8719, hazitengenezwi tena. Ikifa hiyo unahitaji redio nyingine ya kuchinjwa upate spea. Hata fainali ya 2SC1969 angalia unanunua wapi, feki zimejaa, unaichomelea vizuri kabisa afu inakata moto siku hiyohiyo. Na za taa za kioo, yaani vali (vacuum tube) zilizotumika kabla ya transista, akina Browning na Tram, waachieni waliozoea mpaka mfundishwe kwa vitendo, kapasita zake zinatunza volti mamia hata umeme ukiwa umechomolewa.

Mwezi Mei nikipata nafasi huwa naenda Xenia, Ohio kwenye Hamvention, mkutano na gulio kubwa la wapenzi wa redio, pale ndo nanunua mizoga ya kuchinja na kristali za kubahatisha. Anayekuja aje na tochi, mita, na orodha ya namba za spea anazozitafuta, na kabla hajalipa aombe kuiwasha, muuzaji akikataa kuiwasha aiache hapohapo mezani.