Re: Balbu za ghala la mahindi zinaungua kila mara, niweke wati ngapi?

Salama mkuu. Nimekusoma, ghala la mahindi huko Songea, unapukuchulia humohumo, balbu hazidumu na holda moja imebadilika rangi. Wati ziache kwanza. Zima meini swichi, balbu ipoe, fungua hiyo holda uchungulie, uwezekano mkubwa utakuta vumbi limegandamana mpaka kwenye vishikizo vya shaba. Vumbi likilala kwenye taa joto halitoki, linaanza kuungua taratibu, na likitanda hewani kwa wingi cheche moja tu inalipua, yaani mlipuko kabisa sio moto wa kawaida.

Mimi maghalani nafunga taa za LED zilizozibwa, kwenye boksi angalia IP65, ile 6 ndo kinga ya vumbi, za IP20 peleka sebuleni. Swichi na soketi hamishia nje ya mlango. Waya upite kwenye bomba (panya wa maghala hawana adabu) na unapoingia kwenye taa kaza glendi (kile kibano kinachoziba tundu la waya), ukiacha tundu wazi hiyo IP65 ni maandishi tu. Magunia yasikaribie taa.

Ila hapo mashine ilipo, kama vumbi linatanda muda wote, IP65 peke yake haitoshi, panatakiwa taa zenye alama ya Ex za vumbi, yaani zilizotengenezwa zisiwashe vumbi la hewani, na bei yake imechangamka, bora upukuchulie nje. Fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Na mkifagia msisahau juu ya kenchi, wala msipulize kwa kompresa.