Msimbo mmoja kwenye seva na kivinjari: ya kujua kabla hujaanza

Ukishajua kwamba TypeScript (lugha ya programu inayogeuzwa kuwa JavaScript) inaendeshwa pande zote mbili, seva na kivinjari, utatamani kila faili litumike kotekote. Jizuie. Kinachofaa kushirikiwa ni kile kisichojali kinaendeshwa wapi: ukaguzi wa fomu, hesabu za bei, aina za data. Kinachogusa hifadhidata kibaki kwenye seva.

Chukua namba ya simu ya Tanzania. Mmoja ataanza na 0, mwingine na +255, wa tatu ataacha nafasi katikati. Andika funksheni moja: ondoa nafasi, vistari na alama ya jumlisha, geuza 0 ya mwanzo iwe 255, kisha hakikisha zimebaki tarakimu 12. Kivinjari kinaiita ili mtu aone kosa palepale; seva inaiita tena kabla ya kuhifadhi. Usije ukasema "kivinjari kimeshakagua". Mtu anaweza kutuma ombi kwa curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa kuandika amri) bila hata kufungua ukurasa wako.

Panga folda tatu: seva, kivinjari, pamoja. Ya pamoja isiite faili lolote la zile mbili. Nidhamu ya watu haitoshi hapa, kwa hiyo kwenye tsconfig yake (faili la mipangilio ya TypeScript) weka `"lib": ["ES2022"]` bila DOM (vitu vya kivinjari), na `"types": []` ili aina za vitu vya seva zisiingie. Atakayeandika `window` (ya kivinjari) au `process` (ya seva) atagomewa na TypeScript hapohapo. Hata `console.log` itagoma, mtanung'unika wiki ya kwanza, basi.

Ukali huo una sababu. Nywila ya hifadhidata ikiandikwa kwenye faili la pamoja, itafungashwa na kupelekwa kwa kila anayetembelea tovuti, na F12, kitufe kinachofungua zana za kivinjari, inatosha kuisoma. Ikishatoka, kuifuta hakusaidii. Ibadilishe.

Njiani kati ya pande hizo mbili kuna JSON, muundo wa maandishi wa kusafirishia data, nayo ina mambo yake. `Date` inafika ikiwa maandishi, `undefined` inapotea ndani ya objekti, na kitambulisho cha namba kinachozidi 9007199254740991 kinaweza kubadilika tarakimu za mwisho bila kosa lolote kuonekana. Kitume kama maandishi.

Tarehe ndiyo husumbua zaidi. Oda ya saa nane usiku, Machi 5, Dar es Salaam, kwa seva inayofuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu) bado ni Machi 4. Seva inachora ukurasa na tarehe moja, kivinjari kinaweka nyingine, na mteja anaona maandishi yakibadilika mbele ya macho yake. Taja `timeZone: "Africa/Dar_es_Salaam"` kila unapoandika tarehe, pande zote.

Halafu kumbuka: ukipandisha toleo jipya mchana, aliyefungua ukurasa asubuhi bado anatumia msimbo wa zamani. Ukiongeza sehemu ya lazima kwenye fomu, seva iendelee kupokea fomu zisizo nayo kwa siku chache, ndipo uibane.