"Kabla ya sasa" ni kabla ya lini?

SWALI: Shikamoo Babu. Nimesoma kwamba mkaa fulani una "miaka 3000 kabla ya sasa". Sasa ipi, na kila mwaka inasogea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Sasa ya wanasayansi wanaopima umri wa vitu vya kale imefungwa mwaka 1950, haisogei. (Mimi ningechagua 1961, ila hawakuniuliza.) Mti ukifa huacha kuvuta kaboni-14, aina ya kaboni inayooza yenyewe polepole, na iliyomo hupungua nusu kila miaka 5730 hivi. Wanapima iliyobaki, wanahesabu kurudi nyuma. Ikipita miaka 50,000 hivi, karibu hakuna cha kupima. Ndiyo maana fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai 1959, halikupimwa hivyo. Walipima gesi ya agoni iliyokusanyika polepole na kunaswa ndani ya majivu ya volkano ya hapo, wakapata takriban miaka milioni 1.75.