Mita inasoma volti 12, lakini taa za breki haziwaki

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, nabebea nyanya kutoka Ilula kwenda Morogoro. Wiki ya pili sasa taa za breki zimegoma, zote mbili. Taa za nyuma za usiku zinawaka na indiketa ziko sawa. Fyuzi nimeitoa nikaiangalia, ni nzima. Globu nimebadilisha mara mbili. Jirani ana mita. Tulichomoa globu, kijana wangu akakanyaga breki, tukapima kwenye holda ikasoma volti 12. Tukirudisha globu, giza. Fundi wa hapa anasema tubadilishe waya zote za nyuma. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado, kaka. Hiyo volti 12 ndiyo iliyowapoteza, na wala si ninyi wa kwanza.

Mita yenyewe hainyonyi umeme wa maana. Hata waya ukiwa umeliwa na kutu mpaka umebaki unyuzi mmoja, mita itasoma volti 12 kana kwamba kila kitu ni kizima. Globu ya breki ni ya wati 21, kwa hiyo kila moja inadai karibu ampia 1.75, na mbili kwa pamoja ni ampia 3.5. Ukiirudisha globu, mzigo huo wote unataka kupita kwenye ule unyuzi, na volti zinaporomoka hadi 2 au 3. Kwa hiyo mlipima sawasawa ila mlipima bila mzigo. Rudisheni globu zote mbili, kijana akanyage breki, halafu mpime zikiwa ndani.

Kwa kuwa zimekufa zote mbili, globu ziache kwanza. Ila uhakikishe zile mpya ni za nyuzi mbili, wati 21 na wati 5, na viguu vyake viwili vya pembeni haviko kwenye usawa mmoja, kimoja kiko juu kuliko kingine. Ipo globu ya uzi mmoja ambayo mtu huilazimisha kwenye holda hiyo, nayo huleta vituko vyake.

Eathi, yaani njia ya kurudishia umeme kupitia chuma cha gari, nayo siishuku sana, maana taa ya usiku iko ndani ya globu hiyo hiyo na inatumia eathi hiyo hiyo. Lakini uzi wa wati 5 hauna makuu, unaweza kuwaka kwenye eathi mbovu. Kuna kipimo chake rahisi: washa taa za usiku, kisha kanyaga breki. Taa ya usiku ikififia au kuzimika unapokanyaga, eathi ni dhaifu. Fungua nati yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Taa ya usiku isipobadilika unapokanyaga, achana na eathi uende mbele, kwenye pedeli.

Pale juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo yenye waya mbili. Waya mmoja una moto wakati wote unaotoka kwenye fyuzi, hata ufunguo ukiwa mfukoni; wa pili unakwenda nyuma. Pedeli ikiwa juu inasukuma kijiti cha swichi na moto unakatika. Ukikanyaga, kijiti kinatoka na moto unapita. Swichi hiyo inabeba umeme wote wa taa za breki yenyewe, kila unapogusa breki. Ukifikiria mteremko wa Kitonga peke yake, unajua imefunga na kufungua mara ngapi tangu mwaka 1994. Vichuma vyake vya ndani vinaungua vinakuwa vyeusi, vinapitisha umeme wa kuitosha mita lakini si wa kuitosha globu. Na kama bodi lako lina taa za mapambo zilizoungwa kwenye waya wa breki, zimeimaliza mapema zaidi.

Chomoa soketi ya swichi. Chukua kipande kifupi cha waya, unganisha matundu mawili ya soketi hiyo, ile ya upande wa gari. Taa zikiwaka kwa nguvu, swichi ndiyo mbovu. Nunua mpya, kazi imekwisha. Zikibaki giza, rudisha soketi mahali pake upime huku breki imekanyagwa na globu zimo: kwanza kwenye waya unaoingia swichi, kisha unaotoka, kisha kwenye holda kule nyuma. Kuanzia pale volti zinapoanguka kurudi kwenye kipimo cha mwisho kilichokuwa kizima, ubovu uko katikati hapo.

Ukikuta zinaangukia nyuma ya swichi, lala chini ya gari na tochi. Fuata fungu la waya juu ya chasisi, usimame kwenye kila soketi na kila mahali palipofungwa tepu. Nimewahi kuletewa pikapu ya kubebea samaki, maji ya barafu na chumvi yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye bodi miaka na miaka. Kwa nje waya ulikuwa mzuri kabisa. Nilipouminya kwa vidole ulikuwa mlaini kama utambi. Nilipouchuna, shaba imegeuka unga wa kijani, kilichobaki ni unyuzi kama unywele. Nilikata nusu mita tu, nikaunga waya mpya kwa risasi. Maji ya nyanya zilizopondeka nayo yana uchachu, kwa hiyo anza na sehemu iliyo chini ya matundu ya bodi.

Ukibadilisha swichi, usiikaze ovyo. Legeza nati yake, izungushe mpaka taa ziwake mara tu pedeli inapoanza kushuka, na zizime ukiiachia. Ikiingia ndani mno, taa zitachelewa kuwaka, na inaweza kuikandamiza pedeli breki zikabaki zimeshika na magurudumu yakachemka. Inua gurudumu moja, lizungushe kwa mkono uhakikishe liko huru.

Na ndugu yangu, mpaka zitakapowaka, usishuke Kitonga na mzigo. Lori lililo nyuma yako pale lina tani nyingi kuliko wewe, na dereva wake hana njia ya kujua kuwa umekanyaga breki mpaka akuone uko chini ya bampa lake. Swichi ni kitu cha kubadilisha asubuhi moja.

Ukishapima, niandikie namba zote tatu, ya kuingia swichi, ya kutoka na ya kwenye holda. Nikizipata nitakuambia mahali pa kukata waya, kama kuna haja ya kukata.