Maswali ya Wasomaji: Kangaja Wangu Amepauka Usoni

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaikum. Ninafuga samaki wa maji ya chumvi katika tangi la lita 400 nyumbani kwangu Kizingo, Mombasa. Kangaja wangu wa samawati, yule mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, nilimnunua kwa mzamiaji mwezi wa Novemba akiwa anang'aa. Tangu Februari uso wake umeanza kupauka, kwanza kandokando ya macho, kisha mabaka ya kijivu yakashuka ubavuni kwa mstari mmoja hadi karibu na mkia. Muuzaji wa vifaa aliniambia ni madoa meupe ya vimelea, akaniuzia dawa ya shaba. Niliitia siku kumi. Konokono na kamba wote wakafa, na kangaja yu vilevile. Anakula vizuri, nampa mkate na kamba waliosagwa. Maji nachota mwenyewe baharini, na kwenye chujio nimeweka mkaa wa kusafishia maji ili yasigeuke manjano. Picha nimeziambatisha. Je, niongeze dawa?
Msomaji, Kizingo

JIBU: Wa alaikum salaam. Usiongeze hata tone. Kwa jinsi ulivyoeleza, na kwa picha ulizoleta, kangaja wako hana dalili ya vimelea, na dawa uliyouziwa imeua viumbe wasio na kosa bila ya kugusa kinachomsumbua mwenyewe.

Anayetazama samaki aliyebadilika rangi na aanze kwa kutafuta badiliko lenyewe liko wapi: limekaa juu ya ngozi, limo ndani ya rangi ya ngozi, au limeichimba ngozi. Madoa ya vimelea alivyokutajia muuzaji hukaa juu. Huonekana kama punje za chumvi zilizonyunyizwa mwilini na kwenye mapezi, na ukimmulika samaki kwa ubavu utaziona zimetokeza. Tena hazidumu mahali pamoja. Kimelea hukaa mwilini siku 3 hadi 7, kikaanguka mchangani na kujifungia humo kizaane, kisha watoto wake hutoka baada ya siku chache au wiki kadhaa kutafuta samaki wa kumganda. Ndiyo sababu mwenye tangi huona samaki amepona wiki hii, akaisifu dawa ambayo pengine haikufanya lolote, na wiki mbili baadaye akamkuta amejaa madoa upya. Mabaka ya kangaja wako yameanza mahali pamoja na kuenea polepole kwa miezi, na hiyo si tabia ya kimelea hicho.

Nimeikuza picha ya pili, ile ya ubavu wa kushoto. Nyuma ya jicho pana vishimo vitano au sita, kila kimoja mfano wa ncha ya penseli, na chini ya jicho viwili vimeungana vikawa kijifereji. Kingo zake hazina wekundu, wala hamna utando wa mfano wa pamba. Ndani panaonekana ngozi ya kijivu iliyokosa rangi. Mabaka ya ubavuni nayo yamefuata ule mstari wa matundu madogo ambao samaki huutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Hii ni hali ya kumomonyoka kwa ngozi ya kichwa na ya mstari wa ubavuni, nayo huwapata sana kangaja na vitatange wakubwa wanaofugwa kwenye matangi.

Mimi naushuku mkaa wako kwanza. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyofanywa kwa kangaja wa Bahari ya Atlantiki, yalionyesha kwamba samaki waliowekewa mkaa laini unaotoa vumbi walimomonyoka vibaya, waliowekewa mkaa mgumu wa vidonge waliathirika kidogo, na wale ambao hawakuwekewa mkaa walibaki salama. Fungua bomba linalorudisha maji kutoka kwenye chujio, ulipanguse kwa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na weusi, vumbi hilo ndilo ambalo samaki wako amekuwa akiogelea ndani yake tangu Novemba. Uondoe mkaa wote leo. Maji yakigeuka manjano kidogo, kangaja hana habari. Anayeudhika ni mgeni wako sebuleni.

Sababu ya pili ni chakula. Mkate ni wetu sisi tunaokunywa chai. Kangaja ni mla mwani, na kutwa nzima huwa mdomo wake umo kwenye miamba. Akinyimwa majani hukosa vitamini, hasa A na C, na upungufu huo unahusishwa na hali hii hii. Maji yakitoka, nenda kwenye miamba ukachume mwani laini wa kijani, uuoshe, uuloweke dakika chache kwenye maji baridi ya mfereji ili wadudu wa baharini wasiingie nao tangini, kisha uufunge kwenye jiwe aung'ate kila siku. Kamba waliosagwa mpe mara moja moja tu.

Sasa shaba. Dawa hii ina kazi yake, lakini kiwango kinachoua kimelea na kile kinachomdhuru samaki havipishani sana, kwa hivyo haitiwi bila ya kifaa cha kuipima, wala haitiwi kwenye tangi lenye kamba, konokono au matumbawe. Hutiwa kwenye tangi dogo la pembeni alilotengwa mgonjwa. Isitoshe, mchanga na mawe ya matumbawe huifyonza shaba na kuiachia polepole, kwa hiyo badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki mbili, na usinunue konokono wengine mpaka kipimo kisome sifuri zaidi ya mara moja.

Kwa kuwa unachota maji mwenyewe, chota upande wa bahari kuu wakati wa maji kujaa, mbali na mlango wa hori la Tudor, hasa wakati wa masika, ambapo maji ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi na ndoo ikakuletea mchanganyiko. Pima kabla ya kumimina; bahari yetu hukaribia gramu 35 za chumvi kwa kila lita.

Kingo za vishimo zikianza kurudi weusi baada ya wiki kadhaa, umeshika njia. Vilivyochimbika sana huenda vikaacha makovu ya kudumu.

Niongeze jambo moja kwa wasomaji wengine, kwani hapa kusubiri ni hatari. Samaki akionekana amepakwa vumbi laini la rangi ya dhahabu, laini kuliko punje za chumvi, huku matamvua yakipiga mbio na yeye akikaa mbele ya bomba linapomwaga maji, basi ana kimelea kingine kabisa, ambacho huweza kummaliza kwa siku chache. Zima taa zote, ummulike kwa tochi kutoka pembeni, na ukiliona vumbi hilo mtenge usiku huohuo uanze matibabu.

SWALI: Mheshimiwa, nina samaki wawili wadogo aina ya tafi. Mchana ni wa kijivu safi, lakini juzi niliamka saa tisa za usiku nikawakuta wana mabaka ya kahawia mwili mzima, kama mkeka uliolowa. Asubuhi hawana kitu. Je, ni fangasi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Hapana, dada yangu, walikuwa wamelala. Badiliko hili ni lile la ndani ya rangi yenyewe: chembe za rangi zilizomo katika ngozi hukusanyika au hutawanyika kwa amri ya neva na homoni, na tafi huvaa mabaka usiku ili asionekane kwenye majani ya baharini anamojificha. Huyavaa pia mchana akishtuka, na hata wavuvi huyaona kwenye ngalawa tafi anapotolewa majini. Usiku wa leo washa taa ya chumbani, si ya tangi, uketi utazame. Mabaka yakififia taratibu bila ya kuacha alama, zima taa ukalale. Na ukitaka kuwashika kwa mkono ili uwakague, usithubutu, maana miba yake ina sumu hata akiwa mdogo.